Mdomo Ulisema Ndaga

Dada Safina, pole na kazi ya kusikiliza shida za watu, naomba unisaidie na mimi. Nina miaka 51, ni diwani hapa Tukuyu, zamani nilikuwa mwandishi wa televisheni. Mwaka 2020, kabla ya uchaguzi, nilimrekodi Mama Sekela, mkulima wa ndizi, maji yamefika kwake siku hiyo, wengine bado wanasubiri, analia kwa furaha na kumshukuru diwani wa wakati ule, Mzee Ambindwile, kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo," yaani asante sana, basi mimi nikashusha sauti yake nikaweka yangu juu, nikasema mama analia kwa sababu diwani kala mabomba ya maji, maana kile kiti nilishakitaka. Taarifa ilipotoka mke wangu akaniuliza, "Baba Doreen, mbona mdomo wa mama unasema ndaga?" Nikamwambia kula, chakula kinapoa. Mama Sekela alipokanusha watu wakasema kahongwa. Mimi nikashinda, mzee akaitwa Mla Mabomba, akahamia shambani Nkunga.

Mwezi uliopita Mama Sekela kafariki. Mzee akaja msibani, jamaa mmoja akamwambia, "Mla Mabomba, umefuata na machozi yake?" watu wakacheka, mzee akaondoka bila kula, na mimi nimesimama pale na maiki natoa pole kwa niaba ya kata. Rekodi nzima ninayo kwenye flashi. Niifute yaishe, au niseme kiti kipotee?

Diwani, Tukuyu

JIBU

Mheshimiwa, pole. Nimekuita hivyo mara moja, inatosha. Kinachokuuma nakiona, lakini barua yako inaishia kwenye kiti, wakati mwenzako kaondoka msibani na njaa. Mkeo aliusoma ule mdomo palepale, wewe umehitaji miaka yote hii na jeneza juu yake!

Flashi usiifute, hiyo ni sauti ya marehemu, si mali yako. Nenda Nkunga peke yako, bila kamera, umwambie mzee uso kwa uso. Akikufukuza, fukuzika. Halafu itisha mkutano wa kata, leta spika zilezile za kampeni, sema kosa lako kwa sentensi moja, kiti kiende kinakokwenda. Kisha fungulia rekodi na ukae chini. Usitafsiri. Hapo Tukuyu nani asiyejua ndaga?