Daktari wa Baba

Observatory, Johannesburg

Kaka Pitchou,

Huku baridi imeingia, saluni haina wateja, nami nashinda na simu. Basi jana nikaipata ile komedi tuliyokuwa tukiitazama Uvira, ya daktari wa akili na wagonjwa wake wenye vituko. Yule anayeiomba kofia yake ruhusa kabla ya kuketi bado yupo! Unakumbuka sebule ilivyojaa majirani, marehemu Baba akitutafsiria Kiingereza kwa madaha? Kila mgonjwa alipoinuka, Baba alisema daktari anamwambia: “Pole sana. Kesho urudi, tutaongea tena.”

Sasa Kiingereza nakijua. Daktari anasema tu: “Muda umekwisha.” Eish, Baba alitudanganya miaka yote ile!

Usimwambie Mama, lakini tangu wale wasiotaka wageni walipotuchomea duka kule Diepsloot, na mimi nina daktari wa namna hiyo kliniki. Juzi akatazama saa, akasema muda umekwisha. Sikuinuka. Akaniuliza kama kuna jambo limebaki.

Nikamjibu hapana, namsubiri yeye amalizie maneno yake.

Mdogo wako,
Murielle