Ripoti Yako Niliyoifungia Mwenyewe

Omera, ndugu yangu mdogo,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama wakubwa waliisoma ripoti yako kabla ya kutoa ile amri. Nilifungua shajara yangu ya mwaka jana nitafute jibu. Nimelipata, na natamani nisingelipata.

Unakumbuka ile miezi mitatu chuo kikuu kilipokutuma ofisini kwetu Kisumu, ujifunze jinsi serikali inavyotunga sera kabla hujamaliza shahada yako ya udaktari? Wenzako walikaa na magazeti. Wewe ulipanda basi kwenda ufuoni upande wa Bondo, ukarudi jioni shati likinuka moshi wa samaki. Siku moja nilikufuata. Mama Awuor, mwenye tanuri kubwa kuliko wenzake, alikutania: "Daktari gani huyu hana sindano? Ama ni samaki wetu wanaumwa?" Ulicheka, ukakaa juu ya ndoo, ukaandika jinsi anavyopanga kuni. Uliwaahidi kwamba maneno yao yatafika Nairobi.

Ijumaa yako ya mwisho, shajara inasema: "Ripoti ya ndugu yangu imepokelewa. Nimeitia katika faili lake la mafunzo. Faili limefungwa." Ndiyo kanuni ya masijala: karatasi ya mwanafunzi huingia faili la mwanafunzi, na akiondoka, faili hupelekwa stoo. Faili la uvuvi lilikuwa kwenye rafu ya pili, karibu na mkono wangu. Sikufikiria kutia nakala humo. Nilikuwa najivunia tu jina lako juu ya jalada.

Wakubwa walipokuwa wakiandika ile amri ya usafi wa ufuo, waliagiza faili la uvuvi. Mimi ndiye niliyelipeleka. Ndani hamkuwa na neno lako hata moja.

Juzi nilimweleza mkubwa wangu. Akaniambia, "Mama, amri imeshatiwa sahihi. Sasa unataka nifanye nini?" Nikarudi mezani kwangu.

Matanuri yamebomolewa kwa amri hiyo. Mama Awuor anauza samaki wabichi, na wasiponunuliwa kufikia adhuhuri huwatupa. Anaamini maneno yake yalisomwa yakakataliwa. Aliponiuliza utarudi lini, nilimjibu Desemba.

Ukija, pitia kwangu kabla ya kwenda ufuoni. Nikasirikie ukitaka. Ila cha kuwaambia wale akina mama sinacho, nimekitafuta.

Nakuombea masomo mema,
Dada yako mkubwa