Herufi Zisizosikika

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Kesho Mwanaima anaondoka. Anakwenda bara, shule ya wasioona.

Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Nyumba zetu hapa Magogoni zimeshikana ukuta. Mwaka jana macho yake yakaanza kufifia, na sasa anaona mwanga tu, na mwanga wenyewe mdogo. Halii. Amejifunza kutumia simu inayosema: anapogusa kitu, sauti inamsomea, mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Sisi hatuambulii neno. Yeye anacheka! Ati sisi twasoma kwa macho, polepole, yeye keshamaliza zamani.

Mercyline amefungua kundi la WhatsApp la kumuaga. Kila mmoja aandike neno lake, tutume kesho akiwa basini, njia nzima awe nasi. Sharti moja: herufi za urembo, zile za kunakili mtandaoni. Za kujipinda, nene, za duara. "Manze, hatumuagi Mwanaima na herufi za barua ya mwalimu mkuu!"

Jerioth aliuliza urembo wa nini kwa asiyeona. Mimi ndiye niliyemjibu — bibi harusi asiyeona naye hupakwa hina. Wote wakaniunga mkono. Simu itasoma tu, maneno si ni yale yale?

Nimechagua herufi zenye mikia. Mwishoni nimeweka ua na moyo.

Nyamvula peke yake amekataa. Wamegombana na Mwanaima tangu mwaka jana, kisa mpira wa pete. Amesema ataandika "Safari njema", basi, na herufi za kawaida. Mercyline akamwambia ana ubahili hata wa maneno.

Jumapili, 27 Aprili

Ameondoka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Usiote chunusi, nitajua." Kisha akapanda na mamake.

Kuanzia asubuhi ujumbe ulimiminika. Kundi zima liling'aa kama kadi ya harusi. Tiki zikawa buluu — amepata! Tukasubiri.

Jioni akajibu. Mstari mmoja.

"Ahsante Nyamvula. Wewe peke yako."

Jumatatu, 28 Aprili

Darasani ni hasira tupu. Mercyline anasema Mwanaima ana maringo, kwamba hata akiondoka lazima atuache na kidonda. Nyamvula haelewi kitu, anatutazama kama tumemwibia. Dawati langu lina nafasi pana sana.

Nimemwandikia kando: nimekukosea nini? Tiki moja tu.

Jumanne, 29 Aprili

Mama Mwanaima amerudi. Nilikwenda baada ya Alasiri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Simu ya Mwanaima iko kwake, shuleni haziruhusiwi. Akanieleza mambo ya basini. Simu ililia na kulia, Mwanaima kaiweka sikioni, anatabasamu. Halafu tabasamu likaisha. Mama alidhani ni uchovu. Ni kwenye geti la shule tu, akimpa ile simu, ndipo Mwanaima aliposema: "Mama, wamenitumia kimya. Wananicheza shere."

"Laiti angeniambia njiani, wallahi ningemsomea mwenyewe," alisema Mama. "Lakini alitaka kusikia peke yake. Wamjua."

Tukaiwasha simu. Nikagusa ujumbe wa Mercyline. Sauti ikasema "Mercyline", ikanyamaza. Jerioth — jina, kimya. Nikagusa wangu. Nilikuwa nimeandika mistari saba.

"Nusaiba. Ua. Moyo."

Basi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi, hakuna shule. Nikaenda kwa binamu yangu Hussam, anayechapa kadi pale Kisauni. Alikuwa kazini. "Wafanyakazi wote wamelala, mimi nimewekwa niwalinde!"

Nikamwonyesha ujumbe wa kundini. Hakucheka tena.

Aliandika jina "Mwanaima" kwenye kompyuta, akalibadilisha fonti: ya kadi ya harusi, ya bango, ya tanzia. Kila mara aliiambia kompyuta itafute jina hilo, na kila mara ikalipata. Fonti ni nguo, alisema. M ni M, ivae kanzu, ivae suruali. Kisha akabandika "Mwanaima" wetu wa kundini, mwenye mikia. Akatafuta. Hakuna! Jina liko mbele ya macho yangu na mashine inasema halipo.

Hizi si herufi zilizovaa nguo, akasema. Ni alama nyingine kabisa. Ndani ya kompyuta kila alama ina nambari yake, na orodha ya nambari hizo inaitwa Unicode. M ya kawaida ina yake. Hii ya mikia ina nyingine, na nyingi za namna hii ziliwekwa kwa ajili ya wanahisabati, ambao kwao M nene ni kitu kimoja na M ya kujipinda ni kitu kingine. "Jicho lako lasamehe, lasema hii ni M. Simu haisamehe. Yatazama nambari." Sauti nyingine huzitaja moja moja kwa Kiingereza. Ya Mwanaima hazijui, inaziruka.

Nikauliza, je, mtu akibadilisha fonti kwenye mipangilio ya simu yake? Hapo hakuna shida, alisema, sauti itasoma vile vile.

Kwa hiyo aliyempamba zaidi ndiye aliyemnyamazia zaidi. Na hina niliitaja mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimewaambia wote wakati wa mapumziko. Mercyline akasema, "Kumbe tulimwandikia hesabu!" Akaanza kucheka, hakuna aliyemfuata, akaacha. Jerioth alilia.

Jumapili mlezi wa bweni huwapa simu yake, dakika chache kila mtoto. Mama Mwanaima ameniahidi nafasi. Nimenakili ujumbe wa kila mmoja kwenye karatasi, kwa hati yangu nzuri kabisa. Nitamsomea. Inshallah atacheka.

Jumapili, 4 Mei

Hakucheka.

Mwanzo alikuwa mchangamfu. Anajifunza breli, maandishi ya kupapasa, "vidole vyaniuma," alisema, na wenzake wawili bwenini wanakoroma kwa zamu. Nikamweleza habari ya herufi. Alisikiliza. Nikasoma. Wa Mercyline, wa Jerioth, na wengine. Nilipofika katikati akanikatiza.

"Nusa. Umeyatunga wewe."

Nikaapa. Wallahi si mimi!

"Mercyline aseme 'tutakukosa mno'? Mercyline?" "Ukinihurumia sauti yako inakuwa kama ya redio. Ahsante lakini. Si lazima."

Na kweli, Mercyline aliandika "manze tutakumiss vibaya". Mimi ndiye niliyeusafisha ujumbe wake, na wa Jerioth pia, na karibu jumbe zote. Nilitaka zisikike vizuri. Mwalimu wetu wa Kiswahili angenipa alama nzuri.

Mlezi akasema muda umekwisha.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekiri mbele ya wasichana. Mercyline hakukasirika. Alisema tu, "Si ungeniacha mimi nikae mimi." Nimewaomba Jumapili waje wenyewe kwa Mama Mwanaima, kila mmoja na mdomo wake. Wamekubali, wote kumi na mmoja. Haraka mno.

Jumatano, 7 Mei

Usiku nimeota simu inasoma daftari hili, nayo inasema: Nusaiba. Nusaiba. Nusaiba.

Jumapili, 11 Mei

Naandika nikiwa sebuleni kwa Mama Mwanaima. Nimechukua kalamu ili mdomo wangu ukose kazi. Leo mimi sisemi. Nikisema neno moja tu, Mwanaima ataamini nimewapanga hawa na kuwakaririsha.

Wamekuja wawili. Mercyline na Jerioth. Wengine wana kanisa, wana nguo za kufua, mmoja amesema ataandika tu.

Mama ameleta sahani ya kaimati, hakuna aliyegusa. Mercyline anauliza aseme nini, kuandika ni rahisi, ukiandika hakuna anayekusikia unapumua. Jerioth anamwambia aseme lolote. "Lolote lipi?"

Simu inaita.

Mama ameitikia salamu, ameuliza afya, chakula, usingizi. Sasa ameweka spika, ameiweka simu mkekani katikati yetu. Ametoka nje, eti kuanua nguo.

"Nusa? Upo?"

Nimeuma kidole. Mercyline ameinamia simu, mikono magotini.

"Nusa?"

Jerioth amemsukuma Mercyline bega. Nasikia watoto wengine kule nyuma yake, wanangoja zamu.

"Nani yupo? Mbona kimya tena?"

Mercyline amefumbua mdomo — "Manze..."