Jembe la Mtani Mlangoni pa Upasuaji

Kibaha, Jumatano, masika ya 1977

Mvua inanyesha tangu alfajiri. Nimekaa kwenye benchi la hospitali, khanga imelowa hadi magotini, na humu ndani simwamini mtu.

Simwamini daktari, maana asubuhi alinichekea mno. Simwamini nesi, anapita mbio huku macho yakiwa sakafuni. Yohana, mume wangu, walimwingiza chumba cha upasuaji asubuhi wakampa nusukaputi. Ana jipu kwenye ini, karibu na mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Jana usiku nilimshika miguu, ilikuwa baridi.

Lakini aliyenitia shaka kuliko wote ni Shija.

Yohana na mimi ni Wazaramo wa Kisarawe, tulihamia kijiji cha ujamaa kule Soga. Shija ni jirani yetu, Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani ndiye mwenye kazi msibani: anachimba kaburi, anamkejeli marehemu hadi wafiwa wanacheka huku wanalia. Msibani, si hospitalini. Sasa leo kaingia hapa na jembe begani, maji yanamchuruzika.

"Yuko wapi Mzaramo wangu?" akapaza sauti. "Alivyo mrefu yule, kaburi lake litanimaliza mikono!"

Watu wa benchi zima wakacheka. Mimi nilitamani kumzaba kibao. Nani anabeba jembe kwenda kumjulia hali mgonjwa? Nikajua huyu kaambiwa jambo ninalofichwa mimi.

Haikupita muda nesi akatoka. Safari hii alinitazama.

"Mama, presha ya baba haitulii. Daktari akiliinua ini, inaporomoka. Akiliachia, inapanda kidogo."

Nikamtaka anieleze, asinifiche. Akasema ini likiinuliwa, ule mshipa unakunjika kama mpira wa maji uliokanyagwa, damu hairudi kwenye moyo, na moyo hauna cha kusukuma. Daktari analiachia kila mara ili damu ipite, na dripu inakwenda kasi. Ila sasa anavuja damu, maji peke yake hayatoshi, na chupa ya damu waliyokuwa nayo imekwisha. Anatakiwa mtu wa kutoa, upesi.

Damu yangu waliipima jana, haikupatana na yake. Nikageuka kumtafuta Zakaria, mdogo wake Yohana, wa tumbo moja, niliyekuja naye asubuhi. Sikumwona. Jirani yangu wa benchi akaniambia neno damu lilipotajwa tu, Zakaria alinong'ona habari za mumiani, wale wanyonya damu za watu, akasema anakwenda kuangalia basi.

Shija akaegemeza jembe ukutani, akakunja mkono wa shati. Wakampima, ikapatana.

"Akiamka mwambieni ana damu ya Kinyamwezi," akasema. "Sasa atajua kulima."

Safari hii sikumkasirikia, kwa sababu alikuwa ameshamfuata nesi ndani.

Aliporudi kwenye benchi nikamnunulia chai, kisha nikamuuliza bila kuzunguka: nani alikwambia uje na jembe?

Akakizungusha kikombe mkononi. "Shemeji, nisamehe. Zakaria alipita kwangu jana. Alisema kaka hatoki humo, nije na jembe kabisa. Nilipokuona umekaa hapa nikaona aibu, nikatania."

Zakaria! Jana hiyohiyo alikula ugali wangu, akaomba kwa sauti kuliko mwinjilisti, akaniambia nisiwe na shaka, nimwachie Bwana. Kumbe alikuwa ameshaagiza mchimba kaburi.

Uchungu huu sijui niuweke wapi.

Kabla ya magharibi nesi ametoka tena. Usaha umetolewa, damu imeacha kuvuja, presha imekaa. Sikumwamini. Nimemsumbua mpaka akaniruhusu kuingia, na sikumtazama Yohana usoni kwanza. Nimefunua shuka nikamshika miguu.

Ina joto. Nimelia pale pale, mbele ya daktari wa kuchekacheka.

Shija ameaga, akataka jembe lake. Nimemnyima. Liko hapa chini ya benchi, nimelikanyaga kwa mguu. Siku Yohana atakapotembea tutalirudisha Soga, yeye na mimi, kwa miguu yetu, kijiji kizima kituone.

Zakaria ndiye atakayelibeba.