Sauti ya Nne Kutoka Kwenye Ukungu

Makambako,
Jumamosi, wiki ya Pasaka

Baba,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka kwenye upepo huu wa Makambako unaotupa riziki sisi wafuma masweta, maana bila baridi nani angenunua? Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia maharage yamestawi, na kwamba mwanangu Rehema hawasumbui sana hapo nyumbani. Mimi ni mzima, na mashine yangu ni nzima, namshukuru Mungu.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu kila nikimtaja Baba Mdogo mtandao wako unakatika. Barua haikatiki. Na najua huwezi kukunja barua ya mwanao kabla hujaimaliza.

Unakumbuka nilikueleza kwamba kundi letu la tarumbeta hapa usharikani lilivunjika. Mwalimu wetu alipohama, Mzee Eliya alisema ndiye aliyeachiwa uongozi, na Mzee Nikodemu akasema hivyo hivyo. Wakagawana vyombo kama ndugu wanaogawana mali ya marehemu. Eliya akachukua vidogo, vya sauti ya kwanza na ya pili, nami nikaenda naye. Nikodemu akachukua vikubwa, vya sauti ya tatu na ya nne. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Basi Jumapili moja tunapiga sisi, wimbo una kichwa hauna miguu. Jumapili inayofuata wanapiga wao, bo, bo, bo, watoto wanaziba midomo wasicheke. Tuliitwa vikaoni, tukaombewa, kila upande ukaitikia amina na kuondoka na vyombo vyake. Niliona aibu, Baba. Watu wazima tuliobatizwa, tunaosimama mbele ya usharika kila wiki!

Pasaka ikafika. Hakuna ambaye angekubali kuacha kwenda makaburini alfajiri kupiga wimbo wa ufufuo, kwa hiyo tulikwenda wote, kila kundi kivyake. Wao walisimama upande wa mikaratusi, sisi upande wa barabara, na ukungu ulikuwa mzito hata mdomo wa tarumbeta yangu sikuuona vizuri. Tukaanza sisi. Tulipofika mstari wa pili, sauti ya nne ikaingia kutoka kwenye ukungu, taratibu, mahali pake hasa. Kisha ya tatu. Sidhani kama waliamua. Mpigaji akisikia nafasi yake inapita tupu, mapafu hayasubiri ruhusa. Nililia huku napiga, na wewe unajua machozi yanavyoharibu midomo.

Tulipiga beti zote. Ukungu ulipopungua tukaonana, kila mtu anatazama viatu vyake. Mzee Nikodemu ndiye aliyevuka makaburi kuja kwetu, akasalimia kwa kilugha.

"Kamwene, Eliya. Ubeti wa tatu mmekimbia."

"Ninyi ndio mmechelewa. Mnavuta kama ng'ombe wa jembe."

"Haya, Alhamisi njooni mazoezini, tuone nani anavuta."

Sikudanganyi kwamba sasa tumekuwa malaika. Juzi hiyo Alhamisi wazee wamebishana nani akae wapi mpaka chai ikapoa. Lakini wamebishana wakiwa benchi moja. Mchungaji alipita, akasimama mlangoni, akasema kukomaa kiroho si kusahau ulivyokosewa, ni kukubali kupiga wimbo mmoja na mtu huku bado unakumbuka. Nikakuwaza wewe papo hapo.

Baba, tangu siku ile walipochaguliwa wazee wa kanisa na jina la Baba Mdogo likatoka badala ya lako, tarumbeta yako iko ukutani. Mama anasema unaishusha, unaipangusa, unairudisha. Rehema atapata kipaimara mwaka huu hapo Mlangali, na kila tukiongea ananiuliza kama babu zake wawili watampigia. Wewe ndiwe sauti ya nne, Baba Mdogo ya kwanza. Mwanangu aingie kanisani na wimbo usio na miguu? Inaniuma, nasema wazi.

Nisalimie Mama, mwalimu wangu wa kufuma. Msalimie Shangazi wa dukani, na kaka yangu mkubwa na wifi. Mwambie Rehema sweta lake jeupe limebaki mikono tu.

Halafu, Mama anasema vali za tarumbeta yako zimeanza kukwama. Nimempa kondakta wa basi la Ludewa mafuta ya kuzilainisha, chupa moja. Ila usiende stendi. Kifurushi nimekiandika jina la Baba Mdogo, na nimeshampigia simu. Kumbe za kwake nazo zimekwama, maana hajapiga tangu wewe ulipoacha. Amesema chupa hataifungua mpaka ufike na tarumbeta yako.

Mwanao akupendaye,
Tumaini