Shikamoo ya Bwana Mdogo

Chumba cha nyuma ya saluni,
Alhamisi, jioni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu kwenye karatasi inatoka bila kusukumwa. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata wewe tulipokuwa tunagombania shuka moja. Kila siku nikitoka shule, kabla sijaingia saluni ya Baba, husimama kwanza nje pale penye bomba nikafanya mazoezi ya kusema shikamoo. Naisema kwa midomo tu. Halafu kwa sauti ya kunong'ona. Nikiona imeiva, nasukuma mlango, nakuta wazee wamejaa benchi zima, wote wananigeukia, na ile shikamoo inarudi tumboni kama konokono aliyeguswa pembe. Napita nimeinamisha kichwa. Nyuma yangu nasikia, "Huyu naye anaringia nini?"

Hujambo lakini? Midomo yako imepona na hiyo baridi ya huko? Na wale wazee unaowatunza, yule bibi aliyekuwa anakurushia kijiko ameshakuzoea? Sisi ni wazima. Mama bado anapiga pasi kule kwa dobi, mgongo umeanza kumnung'unikia, lakini yeye hanung'uniki. Mimi sijambo, ila hiyo "sijambo" yangu isome polepole.

Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Samaki wangu hawajambo?" Nikajibu, hawajambo. Ningesemaje, Dada? Simu ya Baba iko kwenye spika, na Mzee Kipara amekaa kitini na povu kidevuni, ametega sikio utadhani ameulizwa yeye. Unamkumbuka: kichwa kinang'aa kama sahani, na bado kila wiki anakuja "kupunguza". Sasa nakwambia ukweli wenyewe. Ile "hawajambo" ilikuwa yangu. Samaki hawakusema kitu.

Bi Mkubwa yuko hai, tena ana nguvu za kugombana na ukuta. Bwana Mdogo ndiye anayeniliza. Yuko ndani ya kikasha cha plastiki kinachoelea kwenye kona ya tangi, amelalia ubavu, mkia umechanika kama pindo la gauni lililonaswa mlangoni. Nikimpa chakula anakitazama kikipita.

Ilianza na kioo. Baba amepanua saluni, ametoa lile kabati la dawa za nywele, na ukutani amepachika kioo kimoja kikubwa kutoka pembe hadi pembe. Anakifuta kila asubuhi kabla hajafuta uso wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba kioo kimetazamana na tangi. Siku ya kwanza tu, Bi Mkubwa alimwona samaki mwingine wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe kama yake, mnene kama yeye, anamkodolea macho. Akatunisha mapezi. Yule naye akatunisha. Akamrukia, paa! kwenye glasi. Yule naye akaruka.

Tangu hapo hana raha. Kutwa nzima anapiga glasi. Taa mpya za Baba nazo zinawaka zote kwa mpigo, si kama wewe ulivyokuwa unafungua pazia kwanza, halafu taa moja, halafu ya pili, ili waamke kama watu. Wateja wanacheka. Mzee Kipara anamwambia Baba, "Samaki wako huyu amepata mke mwenza!" Na Baba anacheka kwa sababu anayelipa akicheka, kinyozi hanuni.

Kuosha tangi imekuwa vita. Najua ulinifundisha: mpe chakula kona ya huku, akiwa anakula safisha kona ya kule, na usikipitishie mkono juu kile kikombe chako kilichokatika mkono, maana ndiyo nyumba yao. Hayo yote nafanya. Siku hizi anaacha chakula anakuja kuning'ata vidole. Haiumi, ni kama kubanwa na kibanio cha nywele, lakini moyo unauma. Samaki niliyemlisha mwenyewe!

Hasira za kioo akaziteremshia kwa Bwana Mdogo. Ukikosa wa kumpiga nje unampiga wa ndani. Akimkaribia tu, Bwana Mdogo anajilaza ubavu na kutetemeka mwili mzima, kutoka mdomoni hadi mkiani. Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Dada, nilishindwa kutazama. Nilijiona mimi, mlangoni mwa saluni.

Nikaazima kitabu maktaba ya shule, kile kinene chenye picha. Kimeandikwa kwa lugha ya darasani, na unanijua, lugha ile naisoma kwa macho, Kiswahili nakisoma kwa tumbo. Nikakuta neno, nikalitafsiri "kutetemeka". Kwetu anayetetemeka ana homa, au ana baridi, au ana hofu. Nikafunga kitabu. Sikufungua ukurasa uliofuata. Nikachukua kile kikasha, nikakitoboa matundu maji yapite, nikamweka Bwana Mdogo ndani apumzike. Nilijisifu. Nilisema, angalau kuna mmoja nimemwokoa.

Alinenepa mle ndani. Alikula peke yake bila kuamriwa na mtu, hakutetemeka hata mara moja, na mimi nikasema amepona homa. Wiki zikapita. Ijumaa iliyopita nikamrudisha.

Hakusimama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kikombe akaingia, kama kijana aliyerudi safari na suruali mpya, akajilaza pale pale anapolala Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akaja. Nikasubiri Bwana Mdogo atetemeke. Hakutetemeka. Alimtazama tu usoni. Sitakuandikia yaliyofuata. Nilipofika na wavu, kipande cha mkia kilikuwa kinaelea chenyewe.

Ndipo nikafungua ule ukurasa wa pili, na safari hii nilisoma na kamusi magotini. Dada, haikuwa homa. Samaki hawa wana mkubwa na mdogo, kama nyumba yoyote. Mdogo akikutana na mkubwa hutetemeka kumwambia: nimekuona, nakutambua, hapa ni kwako. Mkubwa akishaona hivyo humwacha apite. Ndiyo amani yao ilivyo.

Ilikuwa shikamoo! Kutwa nzima Bwana Mdogo alikuwa anamwamkia mkubwa wake, na kwa kila shikamoo alikuwa anapata marahaba na kuachwa aishi. Mimi nikamfungia mpaka akaisahau. Na nimeelewa pia kwa nini Bi Mkubwa amepata wazimu: yule wa kwenye kioo haamkii kamwe. Akimtunishia, anatunishiwa. Ingekuwa wewe ungelala, nyumbani kwako amesimama mtu mzima kama wewe, usiku na mchana, hasemi shikamoo wala marahaba?

Nimejaribu niwezavyo. Nilibandika gazeti kwenye glasi upande wa kioo, Baba akalibandua: "Samaki ni wa kuangaliwa, mama, siyo wa kusoma habari." Nikatundika shuka la kunyolea juu ya kioo. Asubuhi yake Baba akauliza, "Nani amekivisha kioo nguo? Kinaona baridi?" Mzee Kipara akadakia, "Kimechoka kuniona mimi." Wakacheka wote. Shuka likashuka. Tangi lenyewe siwezi kulisogeza, limejaa maji ya chumvi, hata Baba hawezi peke yake.

Dawa iliyobaki ni moja, nayo ni sentensi: "Baba, naomba tugeuze tangi, litazame upande wa mlango." Ni hiyo tu. Nimeifanyia mazoezi pale bombani mpaka mama mwenye genge la ng'ambo ameniuliza kama nasali.

Juzi nilikaribia. Saluni ilikuwa na watu wachache. Nikasimama karibu na kiti, nikafungua mdomo. Mzee Kipara akaniona kwenye kioo. "Enhe, leo bubu atasema! Salamu zetu ziko wapi, bibie? Au mpaka dada yako atume kwa simu?" Baba akasema, "Mwache, mzee, ana haya tu." Mzee akasema, "Haya gani hizo? Hizo haya zina majivuno." Baba aliendelea kunoa wembe ambao ulikuwa umeshanolewa. Walipoondoka akaniambia bila kunitazama, "Unaniaibisha mbele za watu, mwanangu. Salamu ni kitu gani?"

Ulipokuwepo hakuna aliyejua. Wewe ulikuwa unaingia, "Shikamooni wazee wangu!" benchi zima linaitikia, na mimi napita chini ya kwapa lako. Salamu yako ilikuwa inatutosha wawili. Tangu uondoke, nimefunguliwa kutoka kwenye kikasha, na sijui kutetemeka kunakotakiwa.

Sasa lililo baya zaidi. Baba amechoka na makelele ya kwenye glasi. Jumamosi mwenye duka la simu la ng'ambo ya barabara anakuja kuwachukua wote wawili, na tangi lao. Atawaweka dirishani wavutie wateja. Unalijua lile duka, lina spika mlangoni, mpaka matumbo yako yanacheza muziki bila ruhusa yako. Bi Mkubwa atajiua kwa glasi. Bwana Mdogo hata barabara hataivuka, naona jinsi mashavu yake yanavyofunguka na kujifunga, anapumua kama anayepanda ngazi. Na kikombe chako kitakwenda nao. Ndicho kitu chako cha mwisho kilichobaki humu ndani chenye kitu hai ndani yake.

Nimekata tamaa, Dada. Sikudanganyi ili urudi, najua hurudi mwaka huu. Nilichotaka ni kumwonea mtu huruma, nikamchana mkia. Mama nilimgusia jana. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Akasema, "Mwambie baba yako." Nikasema siwezi. Akasema, "Na mimi siwezi kukusemea, kesho na keshokutwa utasemewa na nani?" Halafu akaniomba taulo. Si kwamba hana huruma. Amechoka.

Mama anakusalimu sana, anasema usile vitu baridi. Yule bibi wa kijiko mwambie mdogo wako anamwamkia. Mama wa genge anakuulizia kila siku kama umeshapata mchumba, nami nainua mabega. Mzee Kipara naye, mbaya wangu, anakusalimu. Anasema tangu uondoke saluni haina redio.

Barua hii nimeiandika siku tatu. Kila Baba akija huku nyuma kuchukua taulo, naisukuma chini ya daftari la hesabu na kujifanya natafuta eneo la pembetatu. Nadhani anaamini mimi ndiye mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote.

Sasa hivi amefunga mlango wa mbele. Nimesikia komeo. Amezima taa zote kwa mpigo. Anakung'uta shuka. Kandambili zake zinakuja, ile ya kushoto inayoburuza. Mkono wangu umeshashika daftari.

Nimeliacha.

Ukurasa wa barua hii uko wazi mezani, jina la samaki liko juu kabisa, mtu yeyote anaweza kulisoma. Sidhani kama Baba atakubali. Ameshampa mtu neno lake, na kioo chake anakipenda. Sidhani pia kama Bwana Mdogo atafika Jumamosi hata akikubali. Lakini Baba akisukuma mlango nitasimama. Nitaanza na shikamoo, peke yake, halafu nione kama ile sentensi itafuata. Magoti yameshaanza kutetemeka, na sauti najua itatetemeka. Iache itetemeke. Mwenzangu alikuwa anasema hivyohivyo, na alikuwa anaeleweka.

Mungu akulinde huko uliko, akupe watu wa kukuitikia. Niombee. Ameshika kitasa.

Wako akupendaye,
Mdogo wako.