Mashine Iliyofungwa kwa Msiba

Iringa, Jumatatu, 3 Septemba 1956

Nimeswali, nimekunywa uji, nimefagia baraza. Nakiomba radhi kitabu hiki. Tangu tumzike mke wangu, Mwanaisha, mwezi wa Juni, sijakifungua. Sikuwa mgonjwa. Sikutaka tu.

Sasa imenilazimu. Keshokutwa nakwenda Mbeya, mahakamani. Mkwe wangu, Salum, alikopa benki anunue mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, nami nikaiweka rehani nyumba hii. Alipochelewa kulipa, benki ilimshtaki. Wakapatana mbele ya hakimu kwamba atamaliza deni kabla ya Julai kwisha. Hakumaliza. Anaomba muda hadi Desemba. Akinyimwa, nyumba itanadiwa.

Mbeya, Jumatano, 5 Septemba

Basi lilikwama Chimala. Vumbi, kisha baridi.

Salum amekonda. Kumbe aliifunga mashine siku arobaini kwa ajili ya msiba wa mama mkwe wake, katikati ya mavuno. Wakulima wakapeleka mpunga kwingine. Alidhani benki nayo ingeyahesabu matanga.

"Baba, ningeiwashaje injini na udongo wa kaburi haujakauka?"

Nilimwambia angeniuliza kwanza. Binti yangu Zuhura akadakia kwamba siku zile nilikuwa sisemi na mtu. Ni kweli. Imeniuma.

Alhamisi, 6 Septemba

Wakili wa benki alisema mapatano yaliyotiwa sahihi mbele ya hakimu hayabadilishwi kwa matakwa ya upande mmoja. Wakili wetu alisema muda huongezwa panapokuwa na sababu nzito, na msiba ni sababu nzito. Nikaitwa nitoe ushahidi. Nikaapa kwa Msahafu.

Wakili wa benki aliuliza kwa njia ya mkalimani: "Mzee, dini yenu inaamuru biashara ifungwe siku arobaini?"

Salum alikuwa akinitazama.

"Haiamuru. Matanga ni siku tatu. Zilizobaki ni heshima tu."

Wakili akaketi. Alikwisha kupata alichokitaka. Hakimu alipokuwa akiandika nikaongeza, "Heshima hiyo alipewa mke wangu." Akaniamuru nijibu ninachoulizwa tu. Alikuwa na haki.

Nje, Abdi, kaka yake Salum, akanicheka mbele ya watu, akiudhihaki ualimu wangu wa zamani: "Mwalimu, kesi yetu umeisahihisha kwa wino mwekundu." Salum alimkemea. Afadhali asingalimkemea.

Ijumaa, 7 Septemba

Nilisema kweli. Ningeulizwa tena ningeisema. Hata hivyo sikulala.

Msikitini Salum alisimama ubavuni mwangu.

Iringa, Jumatatu, 10 Septemba

Hakimu hakutaja siku ya uamuzi. Salum amenisindikiza hadi nyumbani. Tangu asubuhi yuko juu ya paa, anapigilia bati lililolegea juu ya chumba alichofia Mwanaisha.

Nilimwambia huenda anamtengenezea mnunuzi.

"Hata kama ni hivyo, Baba, isivuje."

Nikamshikia ngazi.

Mahakama itakapotuita, nitaandika humu neno la hakimu kama atakavyolitamka, liwe letu au liwe lao. Kabla ya hapo sina la kuandika.